Kamera mpya ya bei mbaya, vumbi ndani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nimenunua kamera mpya ya daraja la juu, boksi nimefungua mwenyewe, nikapiga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, nikaona madoa matatu meusi juu kulia, yaani vumbi limekaa kwenye sensa (kibamba cha ndani kinachonasa picha) tangu kiwandani, na lenzi nayo kushoto picha ina ukungu wakati kulia iko kali kabisa, maana yake vioo vya ndani havijakaa sawa. Nimerudisha nikapewa nyingine, hiyo nayo kitufe cha kupigia kinanasa! Jamani, kukagua ni kazi ya kiwanda sio ya mteja. Wenzangu, pimeni siku hiyohiyo, tena kwa f/16, maana kwa f/2, tundu likiwa kubwa, vumbi halionekani, na risiti msitupe.