WAVIU waulizwe pia kama nyumbani kuna chakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo moja kuhusu huduma tunayopata sisi tunaoishi na VVU (WAVIU) katika kliniki za tiba na matunzo. Pale ninapochukulia dawa tunapimwa uzito, mzunguko wa mkono na wingi wa virusi, lakini ni nadra mtu kuulizwa kama kwake kuna chakula. Uzito huchelewa kusema: mtu anapoonekana amekonda, kaya yake imeshapunguza milo siku nyingi, na huenda yeye ameshaanza kuruka dozi. Dawa ya TLD, yaani kidonge cha kufubaza VVU, inaweza kumezwa hata bila kula, ila wengi bado wanaamini kwamba dawa kali haimezwi tumbo likiwa tupu.

Kipimo kipo, nacho ni maswali matatu tu: kama katika wiki nne zilizopita nyumba iliwahi kukosa chakula kabisa, kama kuna aliyelala na njaa, na kama kuna aliyemaliza usiku na mchana bila kula. Kilitumika Shinyanga kuwapata washiriki wa utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ulioonesha kwamba waliopewa fedha kidogo au kapu la chakula pamoja na ushauri wa lishe, kwa muda usiozidi miezi sita na kwa sharti la kuhudhuria kliniki, walifuata matumizi ya dawa vizuri kuliko waliopewa ushauri peke yake.

Hata hivyo, siku hizi mtu aliye imara huweza kupewa dawa za hadi miezi sita. Mkulima anayefika Julai, mavuno yakiwa ghalani, atajibu kwa haki kabisa kwamba hana shida, kisha njaa ya Januari na Februari imkute mbali na kliniki. Ndiyo maana maswali hayo yarudiwe kabla ya mavuno, hata kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na yaulizwe faraghani, si kwenye benchi la foleni, maana ni mzazi gani atakayekiri mbele za watu kwamba watoto wake wamelala njaa?

Wapo wanaosema haifai kuuliza shida usiyoweza kuitatua. Lakini hakuna anayeitaka kliniki igawe unga. Iandike jibu kwenye faili na kumuunganisha mhusika na konga ya wilaya (mtandao wa watu wanaoishi na VVU), afisa ustawi wa jamii, au Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) akistahili. Bila jibu hilo, dozi zilizorukwa huhesabiwa kuwa uzembe, na mgonjwa hurudishwa kwa mshauri kufundishwa upya umuhimu wa dawa, jambo ambalo tayari analijua.

Jina limehifadhiwa,
Shinyanga