Kijitabu cha uchambuzi si riwaya

Ndugu Mhariri,

Mitihani ikikaribia, vijitabu vya uchambuzi hutoka kama njugu hapa Dodoma. Mwanafunzi anakariri "dhamira: mapenzi, ujenzi wa jamii mpya, nafasi ya mwanamke", anamalizia na "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi", kisha anaingia chumba cha mtihani bila kuwahi kuifungua riwaya yenyewe. Alama anapata. Lakini anamaliza shule akidhani hadithi ni gunia la mafunzo ambalo mwandishi alilishona kwa maneno mengi ili kuwasumbua watoto.

Walimu tunajitetea kwa ufinyu wa muda na uhaba wa nakala. Tupige hesabu basi. Ukurasa wa maneno 250 husomwa kwa sauti kwa dakika 2 hivi. Kipindi ni dakika 40. Ukitenga 15 za mwanzo, kurasa 7 zimepita. Vipindi vitatu kwa wiki ni kurasa 21, na riwaya ya kurasa 120 inakwisha wiki ya sita. Nakala 9 zinatosha wanafunzi 45, watano kwa kitabu, ilimradi kitabu kikae katikati na wanaokaa pembeni wabadilishwe kila siku. Wasipobadilishwa, hao wa pembeni watakuwa wasikilizaji muhula mzima. Kinachoharibu zaidi ni kumkatiza msomaji kila anapojikwaa. Neno alilokosea liandike ubaoni, mlirudie ukurasa ukiisha. Swali la dhamira nalo lingoje mpaka kitabu kiishe. Kwenye ukurasa wa kumi inatosha kuuliza: anayesimulia ni nani, amejuaje haya, na nini hajatuambia bado?

Kitabu kinacholipa kazi hii haraka ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapwa 1951. Ni chembamba. Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria, na badala ya kubishana anajitetea kwa visa vya wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Darasa ligawanywe makundi sita, kila kundi na mjumbe wake; kundi moja likisimulia, waliobaki wawe baraza. Kosa la kwanza litajitokeza papo hapo: kundi litasimulia safari ya mjumbe vizuri kabisa na kusahau kwamba msemaji yuko kizimbani. Hapo mwalimu aulize tu, "Karama anapata faida gani kukitaja kisa hiki leo?" Warudie wakiwa na jibu. Kijana aliyefanya hivyo mara mbili ameelewa kisa ndani ya kisa bila kukariri neno "muundo", na ameelewa pia kwamba hadithi inaweza kuwa hoja.

Halafu lipo hili la lugha. Vijana wetu wa Kigogo, Kirangi na Kisandawe huambiwa, na wao wakaamini, kwamba Kiswahili kizuri kina wenyewe, nao wako pwani. Mshairi Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, hapa hapa Dodoma, mwaka 1917. Mgogo huyo ndiye aliyeikuza ngonjera mpaka shule nzima nzima zikawa zinajibizana kwa beti, na diwani yake ilitoka 1963. Inashangaza kuona mwanafunzi wa Ihumwa anamjua kila mwandishi aliye kwenye orodha ya mtihani, ila huyu wa kijijini kwake hapana.

Ngonjera haihitaji bajeti. Chukua watu wawili wanaobishana, mtama na zabibu kwa mfano, na mshororo wa mizani (yaani silabi) 16, nane kwa nane:

Mimi mtama mrefu, sihofu jua la Bahi,
Nami zabibu nadhifu, nauzwa bei sahihi.

Vina vya kati ni -fu, vya mwisho ni -hi. Sasa wape wahesabu kwa vidole. Wengi watapata 6 kwenye kipande cha kwanza na kukataa kwamba ni 8, kwa sababu wamezimeza m mbili. M ya "mtama" na ya "mrefu" inasimama peke yake, kwa hiyo ni m-ta-ma, m-re-fu, mizani tatu kila moja. M ya "mbuzi" haisimami; imeshikana na b, ndiyo maana mbu-zi ni mizani mbili tu. Wakishalijua hilo kwa sikio, makosa mengi ya mizani yanakwisha wiki hiyo hiyo. Yanayobaki ni ya kulazimisha kina: kijana anatafuta neno lolote linaloishia na -hi hata kama halina maana. Mwambie abadilishe kina, asiibadilishe maana.

Wakizoea ndipo uwape mashairi huru ya Kichomi, kitabu cha Euphrase Kezilahabi cha 1974 kilichozua ugomvi mkubwa kuhusu vina na mizani. Kuyatanguliza ni kosa. Asiyewahi kuhesabu mizani haoni mshairi amekataa nini.

Mhariri, ombi letu ni dogo. Tutengee nafasi ya beti mbili kwa wiki kwenye gazeti lako, za wanafunzi wa sekondari. Mizani tutaihesabu wenyewe kabla ya kutuma.

Mwalimu wa Kiswahili,
Dodoma