Kwa Wazee Wenzangu wa England: Chanjo ya Mkanda wa Jeshi Isitupite

Wazee wenzangu wa Leicester, Milton Keynes, Reading na London, nanyi nyote mnaozungumza Kiswahili ambao uzee umewakutia katika nchi hii,

Salaam nyingi. Ninawaandikia nikiwa mmoja wenu, mzaliwa wa Tanga na muuguzi mstaafu, kuhusu jambo ambalo harusini na matangani tunalitaja kwa kunong'ona: ugonjwa wa mkanda wa jeshi (kwa Kiingereza shingles), na chanjo yake tunayopewa bure lakini wengi wetu tunaiacha ipite.

Nianze na aibu, maana hiyo inatukwamisha kuliko lugha. Miaka ya themanini na tisini, UKIMWI ulipotuingilia kule nyumbani, kijana aliyetokwa na mkanda wa jeshi alinyooshewa kidole, kwa kuwa virusi vya UKIMWI vikishusha kinga ya mwili ugonjwa huu hupata upenyo mapema. Tumehama na kumbukumbu hiyo, tukasahau kwamba kinga hushuka pia kwa umri mtupu. Mkanda huletwa na virusi vya tetekuwanga, ambavyo haviondoki mtoto anapopona, bali hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, vikalala humo miaka hamsini au sitini, kisha kinga ikilegea huamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana malengelenge hujipanga upande mmoja tu wa mwili. Mzee wa miaka 70 aliyepatwa na ugonjwa huu hahitaji kujieleza mbele ya mtu yeyote.

Vipele vyenyewe hukauka baada ya wiki chache. Kinachotisha ni maumivu ya mshipa yanayoweza kubaki miezi, hata miaka, na kadiri umri unavyosogea ndivyo uwezekano wa kubaki nayo unavyoongezeka. Nimewauguza kina mama ambao ngozi yao ilikuwa imepona kabisa, lakini hawakuweza kujifunga kanga kwa sababu kitambaa kikigusa ubavu waliruka kama waliochomwa. Mkanda ukitokea usoni karibu na jicho, unaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Sasa utaratibu, na ninazungumzia England, kwani Scotland na Wales wana taratibu zao. Tangu tarehe 1 Septemba 2023, NHS, huduma ya afya ya taifa, humpa chanjo hii kila anayefikisha miaka 65, pamoja na wote walio kati ya 70 na 79. Aliyekuwa ameshatimiza 65 kabla ya tarehe hiyo husubiri hadi 70, na hapo wengi huchanganyikiwa. Ukitimiza 80 bila kuanza, mlango umefungwa. Wenye kinga iliyodhoofika sana, kama vile waliopandikizwa kiungo au walio katika matibabu ya saratani, wana utaratibu wao usiongoja uzee, kwa hiyo wamuulize daktari sasa hivi. Umri unaohesabiwa ni ule ulio kwenye kumbukumbu za GP, yaani daktari wa familia, nasi tunajuana: wangapi kati yetu "tulizaliwa" tarehe 1 Januari kwa hisani ya karani wa pasipoti? Fuateni tarehe hiyo ya karatasi, wala msiingoje barua, kwa sababu barua hupotea na anwani hubadilika. Aliye bila GP ajiandikishe. Kujiandikisha hakudai karatasi za uhamiaji.

Waislamu wenzangu mmeniuliza sana kuhusu nguruwe. Swali lenu lina msingi, kwani chanjo ya zamani, Zostavax, iliyoanza kutolewa hapa mwaka 2013, ilikuwa na jelatini ya nguruwe. Inayotolewa sasa ni Shingrix, isiyo na jelatini hiyo wala virusi hai, na katika majaribio ilizuia ugonjwa kwa takriban asilimia 97 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, na takriban asilimia 90 kwa waliofikia 70. Hata asiyekumbuka kuugua tetekuwanga huchomwa. Mkono utauma, na huenda mwili ukachoka, ukapata homa na baridi kwa siku mbili tatu. Usikubali zamu ya kupika shughulini kesho yake.

Dozi ni mbili, na kwa wengi wetu ya pili hufuata baada ya miezi 6 hadi 12. Hapa ndipo safari zetu za nyumbani zinapoharibu mambo: mtu huchoma ya kwanza, hukimbia baridi kwenda Mombasa au Unguja, akarudi amesahau. Pangeni tarehe ya sindano kabla ya kukata tiketi. Aliyechelewa haanzi upya, anamalizia ile ya pili tu.

Nanyi watoto wetu, msijibu simu ya GP kwa niaba ya mama mkasema "hataki" kabla ya kumuuliza. Mzazi asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo, na yapo mambo ya mwili ambayo baba hatayasema mbele ya binti yake.

Ikiwa mkanda umeshatokea kwa ambaye hajachanjwa, dawa za kupambana na virusi vya mkanda hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vionekane. Tangu Januari 2024, mfamasia wa duka la dawa la mtaani anaweza kuzitoa bila kupitia kwa daktari, lakini vipele vikiwa karibu na jicho, pigeni 111, simu ya ushauri ya NHS, siku hiyo hiyo. Malengelenge yafunikwe mpaka yakauke, na mgonjwa asimpakate mjukuu mchanga wala asikae karibu na mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, maana hatawaambukiza mkanda, lakini anaweza kuwaambukiza tetekuwanga yenyewe.

Mzee mwenzenu,
Leicester