Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kadi ya bima tutakata, nani atatupokea?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Isongole, Rungwe.

Huku Nyanda za Juu Kusini, ubishi wa kama tutibiwe hospitali ya serikali au ya binafsi hautusumbui sana. Mgonjwa wa Makete anakimbizwa Ikonda, wa Iringa Vijijini Tosamaganga, wa Wanging'ombe Ilembula, na zote tatu ni za makanisa. Hata sheria ilipopiga marufuku tiba ya biashara mwaka 1977, hospitali za dini ziliendelea kutibu. Kwa hiyo tunaposikia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, hatuulizi hospitali ni ya nani. Tunauliza kama italipwa, na italipwa lini.

Wenzetu wamepita njia nyingi. Ujerumani walianza bima ya wafanyakazi mwaka 1883, na leo hospitali ya mji, ya kanisa na ya kampuni zinapokea kadi ileile. Uingereza tangu 1948 wanagharamia tiba kwa kodi; ukilazwa hukutani na mhasibu, ila foleni ya kupasuliwa nyonga inaweza kukuzeesha. Marekani wanatumia takriban asilimia 17 ya pato la taifa kwa afya, kuliko taifa lolote kubwa, na bado mamilioni ya watu wao hawana bima. Anayesema soko litatutibu aanzie hapo.

Mimi naiangalia zaidi Ghana, maana inafanana na sisi. Walitunga sheria yao mwaka 2003, wakaweka tozo ya asilimia 2.5 juu ya manunuzi kwa ajili ya bima. Wazo zuri. Lakini hospitali zikawa zinasubiri malipo kwa miezi, na nyingine zikaanza kumdai mwenye kadi fedha taslimu. Na sisi tumeshaonja: Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa kutoafikiana kuhusu kitita kipya cha huduma na bei zake.

Mama yangu mdogo alikuwa na kadi ya CHF, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mwaka jana alifika dirisha la dawa kwenye hospitali moja ya mkoa huu. Kijana akaigeuza kadi, akaandika kwenye kikaratasi, akamwambia, "Mama, hii dawa hatuna, nenda hapo nje." Hapo nje ni duka linalotazamana na geti. Dawa ilikuwepo. Akalipa kwa hela ya mbolea. Mwaka huu ukimwambia habari ya kukata kadi tena, anabadilisha mazungumzo.

Naomba mambo mawili, Mheshimiwa. La kwanza, kila hospitali ibandike ubaoni, kila baada ya miezi mitatu, inaudai mfuko wa bima kiasi gani na tangu lini. Na mfuko ukichelewa kulipa, utozwe riba kama sisi tunavyotozwa na SACCOS. La pili, michango yetu ikusanywe Julai na Agosti, mahindi yakishauzwa. Januari mkulima wa huku ana madeni tu, na ukimfuata na kitabu cha stakabadhi utamkuta amehamia shambani.

La kwanza halihitaji hata jengo jipya. Linahitaji karatasi, gundi na sahihi yako.

Wako,
Mkulima wa viazi, Isongole