Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, 2024

Ndugu wanachama, wakulima wenzangu wa mboga za kienyeji hapa Malindi, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vilifanyika, mbegu za mnavu na mchunga ziligawiwa, arusi mbili tulichangia, mzee wetu mmoja tulimzika. Sitawachosha.

Nije kwenye lile bango la kibanda chetu cha mboga kavu kwenye maonyesho ya kilimo, "Mboga za Wanaanga", lililolipiwa kutoka mfuko wa pampu. Nimeambiwa mwenyekiti anataka kuwapeleka watu mwezini ilhali pampu imekufa. Sikuota usiku nikaamka na wanaanga. Setilaiti ya Uhuru, yenye jina la Kiswahili, ilirushwa hapa jirani, baharini karibu na Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Anga si jambo geni kwetu.

Huko juu, mwili ukiwa hauna uzito, mifupa kama ya nyonga hupungua kiasi cha asilimia 1 kila mwezi. Nacho chakula cha pakiti kikikaa sana hupoteza vitamini C na B1. Ndiyo maana wanaanga wanalima: Agosti 2015 walikula saladi waliyoiotesha wenyewe kwenye kituo chao cha anga. Chuo Kikuu cha Tuskegee, kule Alabama, kiliwafanyia NASA, shirika la anga la Marekani, utafiti wa viazi vitamu kwa miaka mingi, na sifa mojawapo ya zao hilo ni kwamba hata majani huliwa. Matembele, jamani! Yale baadhi yenu mnayowatupia mbuzi.

Ni kweli muuguzi mmoja alinisahihisha pale kibandani mbele ya wateja, nilipousifia mchicha kwa mifupa, kwamba kalsiamu yake, madini ya kujenga mifupa, hufungwa na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye mchicha wenyewe, mwili usiipate yote. Nilikubali. Lakini alinunua pakiti tatu.

Hesabu ni hii: kibanda 6,000, bango 3,500, vifungashio 2,800, usafiri 2,200; jumla shilingi 14,500, kutoka mfuko wa pampu. Tuliuza pakiti 143 za mboga kavu kwa shilingi 100, yaani 14,300. Zile 200 zilizopungua nimezirudisha kutoka mfukoni mwangu, na sikuomba pongezi. Mboga hizo zilianikwa juu ya bati la nyumba yangu, na mvua ya ghafla ilipokuja ni mimi na mke wangu tulioparamia ngazi na kanga mikononi kuziokoa. Wanaolalamika leo sikuwaona siku hiyo. Kofia ya mwanaanga kwenye bango inafanana na sufuria, hilo sibishi. Mchoraji ni mpwa wangu, na alichora bure.

Kikao kilichopitisha matumizi haya kilikuwa cha Machi. Tuko wanachama 61. Walikuja 11, mmoja akiwa mpika chai. Nilitakiwa nimwombe nani ruhusa? Ada ya mwaka, shilingi 1,200, imelipwa na 27 tu. Deni la waliobaki ni 40,800, na kati yao wamo wanaouliza pampu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwakani tunatarajia kupata kikaushio cha jua, na wanunuzi wa uhakika, Mungu akipenda. Pampu itanunuliwa kabla ya mvua za vuli, au baada yake kidogo.

Risiti zote ziko kwa mtunza hazina, isipokuwa ya bodaboda, ambaye hakuwa nayo.