Wifi, sikukupokonya mtoto

Wifi yangu,

Nimesikia umejifungua salama, alhamdulillahi. Habari nimezipata kwa watu, si kwako.

Tangu ile arubaini ya mwanangu kule Kibokoni wasema nilikuaibisha mbele ya wageni, nikakupokonya mtoto na kufunga mlango. Nilimchukua, ndiyo, na leo ningemchukua tena. Wewe ulimwona ametulia. Mimi nilimwona akigeuza uso kila ukimsemesha. Ukamfuata upande ule, akageukia wa pili. Vidole kavitanua vyote. Apiga miayo, na ndiyo kwanza ametoka kulala. Ikaja kwikwi, ukaitisha uzi umbandike kwenye paji, na miguu tayari ishafanya mabakabaka. Chetezo chafuka udi, spika imeelekezwa ndani, na kina mama wamngoja kwa zamu. Mtoto wa siku 40! Umri huo ndio vilio vya watoto huzidi kabisa, lakini kilio huja mwisho, akishasema kwa mwili kwamba amechoka na hakuna aliyemsikia.

Mule chumbani nilizima taa, nikamvua fulana, nikamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, mikono yake nimeikusanya mbele. Sikumwimbia wala kumrusharusha. Kwikwi ikakatika, vidole vikakunjika. Nawe wagonga mlango, wasema namdekeza, watu wote wasikia. Neno hilo bado laniuma, maana latoka kwako, wewe uliyenikanda na kunipikia uji wa pilipili manga usiku ambao mamangu mzazi hakuweza kuja.

Sasa una wako. Akikukazia macho, uso umelegea, msemeshe kwa karibu, sentimita 20 hadi 30, ndipo aonapo vizuri. Akitazama kando, nyamaza umngoje, atarudi mwenyewe. Akilia usiku hadi ukahisi akili yaruka, mlaze chali kitandani mwake, toka nje upumue, kisha umrudie. Usimtikise kamwe, ubongo wake waweza kuvuja damu. Na joto likifika 38 kabla hajatimiza miezi mitatu, ni hospitali papo hapo, hata iwe saa nane za usiku.

Kumsoma na kumtuliza, ndiyo hayo niliyokuwa nikiyafanya siku ile, wifi. Ungeniuliza, ningekueleza.

Ijumaa nakuja. Waambie wageni wako wasimpitishe mtoto mkono kwa mkono. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi.