Sio kila sistimu nzito inataka seva mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku. Ukienda dirishani kulipia kitu unaambiwa sistimu inasumbua leo, subiri, foleni inafika mpaka nje, baadae unasikia ofisi inaomba bajeti ya seva mpya. Mimi kazi yangu ndo hizo databesi na nasema wazi, mara nyingi seva inaonewa tu, kinachoiua ni kwerii mbovu, yaani yale maombi ya data ambayo programu inaipelekea databesi.

Mfano karani anatafuta risiti, programu kwa ndani inaandika LIKE '%4471' (yaani nipe zote zinazoishia na 4471), hiyo alama ya asilimia ikishatangulia mbele basi hata indeksi (ile orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka, kama faharasa ya kitabu) iwepo MySQL, yaani programu yenyewe ya databesi, haiwezi kuitumia kuruka moja kwa moja kwenye risiti, inapitia rekodi zote moja moja, sasa makarani kumi wakibonyeza kwa pamoja diski inahema, prosesa inagonga asilimia 100, halafu mnaambiwa ni mtandao! Na kwenye ripoti watu wanapenda sana WHERE YEAR(tarehe) = 2024, ugonjwa ni ule ule, maana inabidi ikokotoe mwaka wa kila rekodi kwanza. Andika tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01' uone indeksi ya tarehe inavyoamka.

Halafu kuna innodb_buffer_pool_size, ile seting ya RAM ambayo MySQL inatengewa kuhifadhia data isiende diski kila mara, usipoigusa ni MB 128 tu, hata kama seva ina RAM ya GB 32. Ipandishe, ila usimalize RAM yote maana seva ikianza kuswapu (kutumia diski badala ya RAM) ndo balaa lenyewe, hasa kama mmebananisha na tovuti humo humo.

Kumjua mchawi wala sio kazi. Washa slow query log, faili linaloandika kwerii zilizochelewa (huwa imezimwa, na kipimo chake cha kawaida ni sekunde 10, kishushe hata 1), iache siku nzima ya kazi, kisha zile zinazoongoza ziwekee EXPLAIN mbele, amri inayoonyesha MySQL itatafutaje, ukiona type imeandika ALL (inasoma jedwali zima) na rows, yaani rekodi inazokadiria kupitia, ni malaki, ndo huyo. Ila msirundike indeksi kila safu ya jedwali jamani, kila INSERT (kuingiza rekodi mpya) inazilipia. Na hizo ripoti za bosi za saa nne asubuhi, watu wamejaa dirishani, kwa nini zisiendeshwe usiku?

Kwa hiyo nyie mnaosaini manunuzi, mkiletewa ombi la seva mpya ulizeni kwanza hiyo slow log iko wapi na nani kaisoma.

Mtunza databesi,
Morogoro